Nilivyotenganisha pua ya ndege na njia yake

Nilipoanza kusomea urubani, hesabu hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni neno moja, uelekeo. Mwalimu akiuliza tunaelekea wapi, nilisoma dira na kujibu nyuzi 090, mashariki kamili. Lakini nikitazama chini, reli iliyopaswa kubaki mbali kulia kwetu ilikuwa imeshafika chini ya tumbo la ndege. Dira haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa nikijibu swali jingine.

Jioni moja nilitandika kitambaa mezani, nikaweka juu yake ndege ya karatasi, pua mashariki. Sarafu, ambayo ndiyo kituo, niliiweka mezani mbele yake, nje ya kitambaa. Nikaisukuma ndege mbele kwa mkono mmoja, mwingine ukivuta kitambaa kwenda kusini. Pua haikugeuka hata kidogo, ila ndege iliikosa sarafu. Kitambaa ni hewa, meza ni ardhi. Pua inakoelekea ni jambo moja, njia inayochorwa ardhini ni jambo lingine, na pembe kati yake ndiyo mpeperuko.

Baada ya hapo namba zilikubali. Ndege ya kilomita 200 kwa saa, ikipigwa na upepo wa kilomita 40 kutoka kaskazini, inabidi ielekeze pua karibu 078 ili njia yake iwe 090. Upepo hutajwa kwa unakotoka, na hilo Kiswahili kilishanifundisha: kaskazi hutoka kaskazini.

Kaskazini zenyewe ni mbili, ya kweli ambayo ramani huifuata na ya sumaku ambayo dira huifuata. Tofauti yake hutegemea mahali, na huhama mwaka hadi mwaka. Njia za kurukia ndege hupewa namba kwa sumaku, ndiyo maana uwanja wa Tampa, Marekani, ulibadilisha namba za njia zake mwaka 2011.

Kitu cha mwisho kunikaa kilikuwa saa. Marubani hutaja mahali pa ndege nyingine kwa uso wa saa, 12 ikiwa puani. Niliposikia 3, kichwani ilikuja saa tatu yetu, mshale ukiwa kwenye 9, nikatazama kushoto wakati ndege ilikuwa kulia. Sasa nikisikia namba, nauona kwanza uso wa saa wenye tarakimu zake, ndipo nageuza shingo.