Nilimwambia Mama afunge

Tangu Jumatatu neno moja limekataa kuniondoka. Wiki hii kaka amerudi kutoka melini baada ya miezi tisa, na mkataba wangu wa bandarini umeongezwa mwaka mmoja. Yote hayo nimeyapokea kwa shukrani, lakini kila nikiketi ninarejea kwenye kile kitanda cha hospitali, Mama akisubiri upasuaji wa taya, amevaa gauni la kijani lenye kamba mgongoni, na daktari wa usingizi amesimama ubavuni pake akishika faili.

"Mama, umekula chochote leo?"

"Sikula, mwanangu. Nimefunga."

Alianza kuandika, kisha mkono ukasita. Ni kijana wa hapa hapa Pwani, na nadhani hilo ndilo lililomsimamisha. "Daku umekula?"

"Nimekula. Mtu atafunga vipi bila daku?"

"Saa ngapi, Mama?"

"Saa kumi na nusu, kabla ya adhana. Chai ya maziwa na mahamri mawili."

Faili likafungwa. Upasuaji ulikuwa umepangwa saa tatu asubuhi.

Mliofuatilia habari ya misumari ya Mama, yaani vipandikizi vya meno, skrubu zinazotiwa kwenye taya kushika meno mapya, mnajua kwamba watu wengi huwekewa kwa sindano ya ganzi tu, wakiwa macho. Mama hawezi kupita njia hiyo, kwa sababu amevaa meno ya bandia miaka mingi, na taya lisilokuwa na meno huliwa kidogo kidogo hadi mfupa ukawa mwembamba mno kushika skrubu. Inabidi kwanza achukuliwe kipande cha mfupa wa nyonga, kipandikizwe kwenye taya la juu, kiachwe miezi kadhaa kishikane, ndipo skrubu za titani zitiwe. Kazi ya nyonga na taya kwa pamoja imetakiwa ifanywe kwa nusu kaputi.

Hapo ndipo chai inapokuwa jambo la kufa na kupona. Mtu aliye macho akipaliwa hukohoa, lakini aliyelazwa kwa nusu kaputi koo lake halijilindi tena. Kilichomo tumboni kikipanda, kinaweza kuteremka moja kwa moja mapafuni pamoja na tindikali yake. Maji matupu yanaruhusiwa hadi muda wa saa mbili kabla ya usingizi. Maziwa huhesabiwa kuwa chakula, nayo pamoja na chakula chepesi yanahitaji muda wa saa sita, na vitu vya kukaanga kama mahamri vinahitaji hata saa nane. Mama alikuwa na saa nne na nusu.

Wauguzi walikuwa wameniambia mimi kwa simu, Jumapili jioni, kwamba asile chochote kuanzia saa nne za usiku. Ni mimi niliyefunga simu, nikaingia jikoni alikokuwa akipepeta mchele, nikasema, "Mama, kesho unafunga." Nilimpa neno ambalo amelitii tangu utotoni, na akalitii vilevile kama anavyolijua: akaamka gizani, akachemsha chai yake, akanuia. Tulipokuwa kwenye tuktuk tukirudi Kibokoni hakugomba. Aliniuliza tu, akitazama barabara, "Si wewe ulonambia nifunge?" Ndiyo sauti ninayoisikia nikizima taa.

Jana alasiri nilimkuta barazani akimsimulia jirani. Sikusikia lawama hata chembe. Alikuwa akimsifu yule kijana, namna alivyomshika jino lake la chini kwa ncha za vidole viwili na kulitikisa taratibu, akimweleza kuwa mpira wa kupumulia unaopitishwa kooni unaweza kuling'oa jino linalocheza, basi ni lazima alijue kabla. "Aliniuliza daku," Mama alikuwa akirudia, "nani mwingine angeniuliza daku?" Nikakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kifua kikanilegea. Namwombea kijana yule kila sala. Angeridhika na jibu la kwanza, na hakuna ambaye angemlaumu.

Upasuaji umesogezwa hadi Jumatano ijayo, saa tatu vilevile. Nimeandika kwa kalamu nene na kubandika juu ya jiko: Jumanne chakula cha mwisho ni saa mbili za usiku, baada ya hapo hakuna daku, hakuna chai, maji matupu mwisho saa kumi na mbili asubuhi, dawa ya presha, kama alivyoagiza daktari, inywewe kwa funda moja la maji. Mama ameisoma mara mbili na kuniuliza kama tende moja pia ni chakula. Nikamwambia ni chakula.

Lakini Jumapili ni harusi ya binti wa Shangazi, na fundi wa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, anakuja Ijumaa usiku. Wakati wa upasuaji, kile kifaa kinachobanwa kwenye kidole hupitisha mwanga ndani ya nyama ili kupima oksijeni ya damu, na piko nyeusi kwenye kucha na ncha za vidole inaweza kuuzuia mwanga huo. Mama amekwisha kuchagua ua lake, la mkono mzima mpaka kuchani, na amenionyesha picha kwa furaha kubwa. Bado sijamwambia.