Nilivyoweka ukuta wa kioo Shangani bila kuiva sebuleni

Kiwanja chetu kiko Shangani, Mtwara, na bahari iko upande wa kaskazini. Mama alitaka jambo moja tu: akikaa kwenye kochi aione bahari. Basi ilibidi kioo kianzie sakafuni hadi mita 2.1 juu, na kila niliyemweleza alisema tutaiva.

Hofu hiyo ina msingi. Jua hupenya kioo cheupe bila shida, linapasha sakafu na makochi, na joto linalotoka kwenye vitu hivyo kioo hakiliachii lipite tena kurudi nje. Pazia nalo linachelewa, jua limeshaingia. Fundi aluminiamu akanishauri, "Kaka, weka cha giza." Nikamjibu, "Fundi, cha giza kinanyonya joto, kinachemka chenyewe, halafu kinatutemea humu humu." Nilitaka jua lizuiwe nje, kabla halijagusa kioo.

Nikachomeka fimbo ya mita moja kiwanjani, wima kabisa. Mtwara iko digrii 10 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linahama upande. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri kiliangukia kusini, karibu sentimita 67. Desemba kikaelekea kaskazini, sentimita 23 hivi. (Adhuhuri ya kweli hapa si saa sita kamili, jua hufika juu kabisa kama dakika 20 baadaye.) Kumbe upande wa bahari unaumia Juni, na paa la baraza lililotokeza mita 1.5 mbele ya kioo linashusha kivuli cha mita 2.25 adhuhuri (1.5 gawa kwa 0.67 ya kile kivuli cha fimbo). Kioo chote kinafunikwa! Sijawahi kufurahia hesabu kama ile. Jua la pembeni, la asubuhi na jioni, nimelizuia kwa matofali ya matundu kwenye ncha mbili za baraza.

Magharibi ni habari nyingine. Jua la jioni linakuja chini, baraza halifui dafu. Huko nimeacha dirisha moja la sentimita 60. Kusini nimeweka lova, yale madirisha ya vipande vya kioo vinavyogeuka vyote, kwa sababu slaidi, dirisha la kusukuma pembeni, hufunguka nusu tu, nami upepo wa kusi nautaka wote.

Kwa kuwa kioo kinagusa sakafu na watoto wanakimbia, niling'ang'ania kile kilichopikwa kwa moto kikapozwa ghafla, ambacho kikivunjika kinakuwa punje ndogo ndogo. Kioo hicho hakikatwi tena baada ya kupikwa. Ndiyo maana tulisubiri plasta ikauke, kisha fundi akapima kila uwazi juu, katikati na chini, akaagiza kwa kipimo kidogo kuliko vyote.

Kazi isiyoisha ni chumvi. Fremu ni aluminiamu na skrubu ni za chuma kisichoshika kutu. Vioo tunavimwagia maji ya bomba kwanza ndipo tunapangusa, maana chumvi kavu inakwaruza.