Siku Moja na Maneno ya Hisabati

Saa moja na robo asubuhi huwa nimeshafika shuleni, pembezoni mwa jiji la Tanga, ambako ninafundisha Hisabati katika shule ya msingi. Usafi, gwaride na mahudhurio hupita kama kila siku.

Saa mbili ninaingia Darasa la Tano. Watu hudhani kwamba mwalimu wa Hisabati hushinda akiandika namba ubaoni, kumbe sauti yangu nyingi huishia kwenye maneno. Namba witiri hazinipi taabu, kwa sababu watoto wengi wa hapa huenda chuoni, yaani madrasa, na wanaijua swala ya witiri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili. Wasiokwenda huelezwa na wenzao, tena kwa majivuno. Namba tasa, yaani zile kubwa kuliko 1 zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, ndizo huleta vicheko, kwa kuwa tasa wanayoijua wao ni ya mbuzi asiyezaa. Hapo huwapa vizibo vya soda wavipange katika mistari iliyo sawa: 12 hupangika 2 kwa 6 au 3 kwa 4, ilhali 7 hukataa kila mpango isipokuwa mstari mmoja.

Saa tatu ni vigawo na vigawe, maneno ambayo hutenganishwa na herufi moja tu na ambayo, kwa maoni yangu, yamewachosha walimu kuliko mada nyingine yoyote ya darasa hili. Vigawo vya 6, yaani namba zinazoigawa bila baki, ni 1, 2, 3 na 6, navyo huishia hapo. Vigawe vyake, yaani namba zinazopatikana kwa kuizidisha, ni 6, 12, 18 na kuendelea bila kikomo. Tulipokokotoa kwa 6 na 8, Kigawe Kidogo cha Shirika kikawa 24 na Kigawo Kikubwa cha Shirika kikawa 2, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona kidogo kimekuwa kikubwa?" Nilifurahi, kwani swali hilo huulizwa na anayeyasikiliza maneno. Tuliandika vigawe vya pamoja, yaani 24, 48, 72, tukachagua kidogo kati yake. Kisha vigawo vya pamoja, yaani 1 na 2, tukachagua kikubwa.

Saa nne nilitarajia kunywa uji, lakini mlangoni alikuwepo mzazi ameshika daftari la mwanawe.

"Mwalimu, shikamoo sikupi, maana wewe ni mdogo kwangu, lakini nimekuja na malalamiko. Hesabu ziko wapi humu? Naona maelezo matupu."

Nilimwamkia, nikamfungulia ukurasa wenye swali hili: Asha ana maembe 12, ambayo ni 5 zaidi ya yale ya Juma, je, Juma ana maembe mangapi? Mwanawe alikuwa ameandika 17, kwa sababu aliona neno "zaidi" akajumlisha papo hapo. Mzee akajibu 7 bila kusita, akasema tatizo ni kwamba mtoto hajui jedwali. Nikamweleza kwamba jedwali analijua, asichokijua ni nani mwenye maembe mengi. Akahamia hoja nyingine: sekondari watasoma kwa Kiingereza, sasa maneno haya ya nini? Nikamjibu kwamba aliyeelewa kiasi na asili ya sehemu, yaani namba ya juu na ya chini, atajifunza jina jipya tu, na asiyeelewa atajifunza jina la kitu asichokijua. Akaniuliza kuhusu masomo ya ziada, akarudi kwenye daftari, akasimulia walivyochapwa enzi zao, na kengele ikalia nikiwa bado nimesimama, yeye hajaridhika na uji wangu umeganda.

Mchana sikumbuki vizuri ulivyokwenda. Darasa la Nne niliwauliza tofauti ya 15 na 9, mmoja akajibu kwamba 15 ina tarakimu mbili na 9 ina moja, jibu ambalo nilitia mkasi kwa kusitasita. Baadaye tulizunguka bustani juani na kamba ya kupimia mzingo, yaani urefu wa kuizunguka, nikirudia hadi sauti ikakauka kwamba eneo ni kile kilichomo ndani ya kamba.

Usiku nikisahihisha, niliona kwamba wengi wameipata 24, ila palipoandikwa "taja vigawo vya 8" baadhi wameorodhesha 8, 16 na 24. Kesho nitaanza nao kwa vizibo, kwa kuwa wiki ijayo tunajumlisha sehemu zenye asili tofauti, na bila kigawe cha pamoja hawatapata pa kuanzia.