Mdogo wangu unaenda Guangzhou na watoto, soma hapa

Mtwara kuchele jamani! Kuna mdogo wangu hapa mjini mume wake kapata skolashipu Guangzhou, China, na yeye atamfuata na watoto, kila tukikutana swali ni moja, dada kule mlikuwa mnaishije, mnakula nini, watoto wikiendi mnawapeleka wapi. Nikimjibu kwa simu naishia njiani, salio linakata, kwa hiyo nayaweka hapa. Sisi tulikaa miaka minne, mume wangu anasoma na mi nipo nyumbani na watoto wawili.

La kwanza polisi. Mkifika mkapanga nyumba mtaani, ndani ya masaa 24 mnatakiwa mkajiandikishe kituo cha polisi cha mtaa huo. Mkilala hoteli wanawafanyia wenyewe, ila ya kupanga ni juu yenu, na mkihama mnaenda upya. Kile kikaratasi mtakachopewa kitunze kama cheti cha kuzaliwa maana kwenye kibali cha kuishi watakiulizia. La pili simu, huko hata muuza mchicha analipwa kwa kuskani, kwa hiyo Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu, ziweke kabla hujapanda ndege. WhatsApp bila VPN, ile programu ya kupita mitandao iliyofungwa, haifunguki kule, ila WeChat ni ya kuongelea pia. Mama yangu tulimuwekea WeChat hapahapa Chikongola kabla hatujaondoka, na masaa yanapishana matano, sisi saa nne usiku watoto wanasinzia yeye ndo kwanza saa kumi na moja jioni anaanua nguo.

Sasa niseme ukweli, miezi mitatu ya mwanzo ilinishinda. Ghorofa ya 17, mlango umefungwa, sijui lugha, baba yao yupo maktaba mpaka usiku. Mtoto wangu mkubwa kazoea kushinda mchangani Shangani ya hapa Mtwara, Guangzhou akawa anakaa dirishani anahesabu mabasi. Siku moja akaniuliza, mama, na leo hatutoki? Ile "na leo" iliniuma mpaka ndani. Usiku nikamwambia baba yao, Jumapili vitabu vinafungwa, tunatoka hata kama hatuna pa kwenda.

Na hela hatukuwa nayo. Ila metro, treni ya mjini, nauli inaanzia yuan 2, hela ya kule, na tiketi za watoto sehemu nyingi wanaangalia urefu sio umri, kuna alama ukutani pale getini, basi wa kwangu ilikuwa lazima asimame pale ajue kapanda kiasi gani. Tulichokipenda zaidi ni boti ya mto Zhujiang, sio ile ya watalii yenye mataa, ile ya watu wa kawaida ya yuan 2. Siku ya kwanza tunapanda mdogo akauliza kwa sauti, tunaenda Msangamkuu, kule kwetu Mtwara tunakovuka kwa boti? Nilicheka huku machozi yananitoka. Canton Tower yenyewe, ule mnara wa mita 600, tuliitazama kutoka majini tu, juu hatukuwahi kupanda na wala hakuna aliyedai.

Ijumaa tulikuwa tunaenda msikiti wa Saad bin Abi Waqqas, wenyewe wanasema ndipo alipozikwa yule Sahaba. Mkitoka kuswali nje pananukia mishikaki ya kondoo ya Wauighur, Waislamu wa kaskazini magharibi mwa China, na mikate ya moto, unakutana na Wasomali, Wamali, Wayemeni, ukibahatika unasikia mtu anaongea Kiswahili nyuma yako. Chakula halali usihangaike, tafuta zile alama mbili 清真, zikariri kama picha, migahawa ya tambi za kuvuta kwa mkono inayo kila mtaa.

Jambo la picha nalo lazima nikwambie. Kwenye bustani ya Yuexiu, pale kwenye sanamu ya mbuzi watano, mama mmoja alimbeba mwanangu bila kuuliza, mwenzake anapiga picha, mwingine anamshika nywele, mtoto analia. Nilikasirika sana siku hiyo. Wengi hawana nia mbaya, ni mshangao, lakini mtoto wangu na yeye ni mtu. Nikajifunza kusema "bu yao", sitaki, natabasamu ila mkono nimenyoosha, na mtoto nikamfundisha aseme mwenyewe. Wengi wanaomba radhi palepale. Na kuna neno nililipenda mno, mtoto yeyote wanamuita "xiao pengyou", rafiki mdogo, dereva wa basi hivyo, muuza matunda hivyo.

Dubu panda, wale weusi na weupe, tuliwaona mara moja Chimelong, bustani ya wanyama, wapo wale mapacha watatu waliozaliwa 2014 wakapona wote, tiketi ghali lakini watoto wanaongelea mpaka leo. Msitoke tu ile wiki ya tarehe 1 Oktoba, sikukuu yao ya taifa, nchi nzima inakuwa barabarani.

Ila usiniulize kuhusu panda, niulize kuhusu bibi wa ghorofa ya 16. Tulikuwa tunakutana kwenye lifti tunapungiana mikono tu. Siku moja nikampelekea korosho za Newala, zile nzima nyeupe, akazishika moja moja kama anakagua dhahabu. Kesho yake kagonga na sufuria la supu, nguruwe. Nikafungua tafsiri kwenye simu nikamuonyesha kuwa sisi hatuli, akajipiga paji la uso, akaondoka, nikajua nimemuudhi. Jioni karudi na balungi kubwa kuliko kichwa cha mtoto, akakaa jikoni kwangu akalimenya mwenyewe, ile nyama nyeupe anaitoa taratibu kwa kidole, kipande kimoja kwa huyu kingine kwa huyu, haongei kitu. Kuanzia siku hiyo Jumapili tukitoka naye yupo, na chupa yake ya maji ya moto.

Mpaka leo ananitumia sauti WeChat, mama yangu anamjibu kwa Kimakonde. Mdogo wangu kabla hujasafiri pita kwangu, nimekuwekea kilo mbili za korosho umpelekee, namba ya lifti nitakwambia.