Ninavyousaka mvumo kwenye amplifaya

Amplifaya ikivuma, bisibisi naishika mwisho kabisa. Kwanza nasimamisha muziki na kuzungusha volyumu polepole toka sifuri kwenda juu. Kelele ikipanda pamoja na volyumu, inaingia kabla yake: kwenye nyaya za kuingiza sauti, kwenye chanzo chenyewe, au kwenye sakiti ya mwanzo. Isipobadilika hata volyumu ikiwa sifuri, chimbuko liko baada ya volyumu au kwenye pawa saplai. Jaribio hili la nusu dakika huniambia mengi kuliko multimita.

Kisha nasikiliza ni kelele ya namna gani. Mvumo mzito na laini wa Hz 50 (au 60, kutegemea umeme wa nchi) hutokana na erthi, au na waya ulionasa usumaku wa transfoma. Ukiwa mkali, wenye ukakasi, na wa Hz mara mbili ya hizo, nashuku kapasita (vihifadhi chaji) kubwa za pawa saplai.

Mvumo unaopanda na volyumu nautibu kwa kuchomoa nyaya zote za RCA, yaani zile za kuingiza sauti. Ukikoma, narudisha waya mmoja mmoja hadi urejee. Mkosaji mara nyingi ni kifaa chenye njia yake ya pili ya erthi: kompyuta yenye chaja ya pini tatu, au televisheni iliyofungwa kebo ya antena. Erthi mbili hazilingani volti kabisa, na tofauti ya milivolti chache tu inatosha kupitisha mkondo kwenye gamba la waya wa RCA. Gamba hilo ndilo pia njia ya kurudi ya sauti, kwa hiyo amplifaya inaukuza mkondo huo kama muziki. Nachomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Isiposaidia, naweka transfoma ya kutenganisha sauti kwenye waya husika, au aizoleta (kifaa cha kukata njia ya erthi) kwenye kebo ya antena. Wapo wanaokata pini ya erthi. Mvumo unaisha kweli, lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, fyuzi haitakatika na bodi itabaki na umeme. Hilo silifanyi, hata kwa majaribio.

Kwa santuri, kabla ya yote naangalia ule waya mwembamba wa erthi. Usipofungwa, mara nyingi mvumo hutokea.

Kelele ikibaki volyumu ikiwa sifuri, ndipo nafungua. Plagi nje, halafu namwaga chaji ya kapasita kwa resista ya omu 100, wati 5, nikiishika kwa koleo lenye mpira. Kapasita ya maikrofaradi 10,000 yenye volti 50 hushuka chini ya volti 1 ndani ya sekunde 5, napima kuhakikisha. Kuishotisha kwa bisibisi ni kuharibu miguu yake.

Kupima kapasita bila kuing'oa, nawasha amplifaya bila muziki na kupima AC (umeme wa mawimbi) kwenye laini ya DC (umeme mnyoofu) ya pawa saplai. Ikivuta ampea 0.1 kwenye umeme wa Hz 50, kapasita nzima ya maikrofaradi 4,700 huacha mawimbi ya volti 0.2 hivi toka kilele hadi bonde, na multimita husoma kama 0.06. Ikisoma 0.3 au zaidi kwa mkondo huohuo, kapasita imekwisha, hata kama kichwa hakijavimba. Multimita za bei nafuu hudanganywa na DC, hivyo natanguliza kapasita ya maikrofaradi 1, volti 100, kwenye probu moja. Ya kubadilishia iwe na maikrofaradi zilezile, volti zisizopungua, na uwezo wa kustahimili joto la nyuzi 105. Nabadilisha zote mbili, ya laini chanya na ya laini hasi, nikichunga alama ya hasi ya kila moja. Kuwasha mara ya kwanza napitisha umeme kwenye balbu ya waya ya wati 60: ikiwaka kidogo na kufifia, salama, iking'aa mfululizo, kuna shoti.

Volyumu inayochakacha napulizia dawa ya kusafishia kontakti na kuizungusha mara 30. Mchakacho ukirudi upesi, napima DC kwenye miguu yake, maana huenda kapasita ya kuunganisha, ile ya kupitisha sauti na kuzuia DC, inavujisha.

Kelele ya "shhh" upande mmoja ni kazi ya uvumilivu. Nabadilisha nafasi nyaya za kuingiza sauti, za kushoto na kulia. Isipohama, iko ndani, nami napoza transista moja moja kwa dawa ya baridi. Ile inayobadilisha kelele ikipozwa ndiyo naing'oa.