Nyayo Mbichi: Tulivyotengeneza Dakika Mbili za Kwanza za Filamu ya Kutisha

Kazi tuliyopewa na mwalimu ilielezwa kwa sentensi mbili tu. Tengenezeni mwanzo wa filamu, usiozidi dakika 2, wenye majina ya watengenezaji yakipita juu ya picha. Aina ya filamu chagueni wenyewe. Kundi letu lilikuwa la watu wanne, na wote wanne tulitaka filamu ya kutisha. Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi mwenzangu aliyepewa kazi ya namna hiyo na anajiuliza aanzie wapi.

Sisi tulianza kwa kukubaliana kwamba hatutaonyesha kiumbe chochote. Hakuna jini, hakuna mtu mwenye kisu, hakuna damu. Dakika 2 hazitoshi kumjulisha mtazamaji mhusika, kumfanya amjali, kisha kumleta adui na kumaliza ugomvi wao. Tena mwanzo hauna haja ya kumaliza kitu. Unatakiwa kumwacha mtu akiwa na swali linalomkera kiasi kwamba lazima aitazame filamu iliyobaki.

Hadithi tuliyoandika ilikaa kwenye nusu ukurasa. Msichana anasoma usiku mezani, peke yake. Bafuni bomba linadondosha matone. Anainuka, analikaza, anarudi kukaa. Matone yanaanza tena. Safari hii hainuki, amechoka, anaendelea kuandika. Sisi watazamaji tunaona kitu ambacho yeye hajakiona: nyayo mbichi sakafuni, zimetoka mlango wa bafu na kuishia nyuma ya kiti chake. Picha inazimika, jina la filamu linatokea: *Tone*.

Kwamba mtazamaji aone kabla ya mhusika, hilo tulilichukua kwa Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za kutia hofu. Katika mahojiano yake na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut ya mwaka 1962 alitoa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji wanapata sekunde 15 za mshtuko. Wakijua mapema kwamba lipo, huku waliokaa mezani wakipiga soga bila habari, wanapata dakika 15 za roho juu. Nyayo zetu zilikuwa ndilo bomu.

Lakini mtu hashtuki kunyang'anywa kitu ambacho hukumpa. Hilo ndilo lililotuongoza kuanzia hapo hadi mwisho. Ukitaka ukimya utishe, mpe kwanza sauti aizoee. Ukitaka sakafu itishe, mwonyeshe kwanza sakafu kavu. Kwa hiyo sekunde 40 za mwanzo tulizitoa zote kwa mambo ya kawaida: feni inazunguka, kalamu inaandika, ukurasa unafunuliwa, miguu ya msichana chini ya meza imevaa soksi, nyeupe na kavu. Mwenzetu mmoja alihofia kwamba watu watachoka. Mimi nilishikilia zibaki, hasa ile ya soksi, kwa sababu nyayo zitakapoonekana baadaye zenye vidole vitano kila moja, mtazamaji atajua mara moja kwamba si za huyu binti, na hakuna atakayehitaji kumwambia.

Majina ya watengenezaji yalitusaidia hapa. Watu wengi huyaweka mwishoni mwa uhariri, popote palipo na nafasi. Sisi tuliyapangia mahali tangu tunachora michoro ya shoti, yaani vipande vya picha visivyokatwa: kila shoti ya kawaida iliachwa upande mmoja mtupu, jina likae pale sekunde 3 au 4, lisomeke bila haraka. Jicho la mtazamaji linasoma jina upande wa kushoto wakati mlango wa bafu uko upande wa kulia, nusu wazi. Shoti inayofuata, mlango ule ule uko wazi zaidi kidogo. Wapo walioligundua na wapo wasioligundua, na vyote viwili vilitufaa.

Kupiga picha tulipiga mchana. Madirisha tuliyaziba kwa kitambaa kizito cheusi tukabandika kingo kwa gundi ya utepe, giza likapatikana bila kumkesheza mtu yeyote. Mwigizaji aliyelala vizuri anaweza kurudia jambo lile lile mara nyingi uso wake ukabaki hai. Taa ya mezani tuliiacha iwe ya rangi ya njano, kama Kelvini 3200 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ikipanda, mwanga unaelekea ubuluu), na mbele ya dirisha lililozibwa tukasimamisha taa ya LED ya Kelvini 5600 ikipitia shuka jeupe, huku kipimo cha rangi nyeupe cha kamera kikiwa kimewekwa kati ya namba hizo mbili. Matokeo yake meza ikaonekana ina joto na ukuta wa nyuma ukaelekea kwenye ubuluu, kama mwanga wa mwezi. Picha zilikuwa fremu 24 kwa sekunde, kasi ya shata (kile kinachofungua na kufunga mwanga wa kila fremu) 1/50 ya sekunde, na kila kitu cha kujiendesha chenyewe tukakizima: mwanga, fokasi (ulengaji wa ukali wa picha), rangi. Kamera ikiachwa ijiamulie, giza inaliona kasoro na kuanza kuliangaza, na picha ya usiku inapanda na kushuka kana kwamba inapumua. Sehemu ambazo mwigizaji angesimama tuliziwekea alama za utepe sakafuni ili mpiga picha ajue fokasi iende wapi kabla mtu hajafika.

Sasa nyayo zenyewe. Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko popote, na sijutii hata dakika moja.

Maji matupu hayakai. Chini ya taa yanaanza kukauka ukingoni, unyayo unakonda, na shoti ya pili haifanani na ya kwanza. Tuliyachanganya na gliserini kidogo, ambayo inazuia maji kukauka upesi, tukaloweka kitambaa ndani ya sinia pana, mtu akakanyaga kitambaa kisha akakanyaga sakafu. Unyayo ukatoka wote, kisigino na vidole, bila maji kutapakaa. Yeyote atakayejaribu afute sakafu vizuri kabla ya kuruhusu watu wapite, kwani gliserini inateleza mno.

Kazi ya pili ilikuwa kuzifanya zionekane. Taa ikiwa upande wa kamera, sakafu mbichi na sakafu kavu ni kitu kimoja, huoni tofauti. Maji hurudisha mwanga kama kioo, kwa hiyo taa inapaswa kuwa upande wa pili, chini kabisa, na kamera iutazame mwanga huo ukiruka kutoka sakafuni. Tulilaza taa ndogo nyuma ya mlango wa bafu, karibu na sakafu, tukashusha kamera hadi usawa wa goti. Hapo nyayo zikawaka kama fedha moja baada ya nyingine kwenye sakafu nyeusi. Mpiga picha wetu aliinua kichwa kutoka kwenye kioo cha kamera, akasema tu, "Njooni muone." Tukaenda mmoja mmoja.

Kitu kimoja zaidi kuhusu nyayo hizo: zote ni za mguu wa kushoto. Hatukulitaja popote. Wazo lilikuja wakati mwigizaji wetu, aliyejitolea kukanyaga, alipouliza aanze na mguu gani. Anayetazama mara ya kwanza huhisi kuna kitu hakiko sawa, mara ya pili ndipo anapohesabu.

Tukiwa bado mle chumbani tulirekodi sauti ya chumba, dakika nzima hakuna aliyesema wala kusogea. Kila chumba kina mvumo wake, na bila huo mvumo huwezi kuunganisha shoti mbili sikio lisisikie mahali zilipounganishwa. Tulirekodi pia feni peke yake, kwa karibu, kwa sababu wakati wa kuigiza ilikuwa imezimwa.

Matone yalitengenezwa baadaye. Tone la bombani likidondoka kwenye sinki ni kali na jepesi, halina uzito. Ndoo iliyokaribia kujaa ilitupa sauti nene zaidi, na kitambaa kibichi ndani ya beseni kikatupa ile sauti ya karibu, ya kitu kinachoanguka juu ya kitu laini. Mwanzoni matone yanakuja kila baada ya sekunde 2, kwa mpangilio, hadi sikio linaanza kuyahesabu lenyewe. Kisha moja linachelewa. Mtazamaji analisubiri. Linakuja wakati ameshakata tamaa ya kulisubiri.

Mwangwi nao tuliutumia kusimulia. Matone ya kwanza yana mwangwi wa bafu, yako mbali, upande wa kulia. Kila unyayo unaoonekana, mwangwi unapungua na tone linasogea katikati. La mwisho halina mwangwi kabisa. Ni lile la ndani ya beseni, kavu, liko hapa hapa mezani. Tangu mwanzo mtazamaji aliamini matone yanatoka bombani, na sasa anaelewa kwamba chochote kilichoacha nyayo zile ndicho kinachodondosha maji. Na sekunde ile ile, feni inanyamaza. Tulikata sauti ya feni na mvumo wa chumba kwa pamoja, kalamu ikabaki ikikwaruza peke yake. Hakuna muziki wa kupiga kelele. Nilijaribu kuuweka, nikautoa, kwa sababu unamwambia mtu "ogopa sasa" wakati ameshaanza kuogopa bila kuambiwa.

Mwenzetu wa sauti alikuwa amesoma kuhusu Vic Tandy, mhandisi wa Uingereza ambaye mwaka 1998 aliandika makala akihusisha hali ya wasiwasi katika maabara fulani na mtetemo wa takriban Hz 19, yaani mitetemo 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio la binadamu kwa kawaida husikia. Alitamani tuweke mtetemo kama huo. Tulizungumza sana juu yake. Lakini spika za kawaida haziwezi kushuka hadi huko, na spika ya simu haifiki hata Hz 100 kwa nguvu. Tulichofanya ni kuweka ngurumo nyembamba ya Hz 50 kwa ajili ya ukumbi wenye spika kubwa, na juu yake mvumo wa Hz 250 hivi kwa anayesikiliza kwa vifaa vidogo, zote mbili zikipanda polepole mno kabla ya kukatwa pamoja na feni.

Katika uhariri ubishi ulikuwa mmoja tu: shoti ya nyayo ikae muda gani. Kamera haisogei, msichana ameinama anaandika, nyayo ziko mbele yetu. Mhariri alitaka sekunde 6. Nilimwomba aiache hadi 18 tuitazame. Kwenye sekunde ya 6 jicho limeshaziona nyayo. Kwenye ya 10 limezifuata hadi kwenye kiti. Baada ya hapo linaanza kupekua giza lililo nyuma ya kiti, halipati kitu, linarudi kupekua tena, na huko kupekua ndiko nilikokuwa nakutafuta. Tulikubaliana 16. Kisha tukaifanyia jaribio: tuliwaonyesha wanafunzi wa kundi lingine, nasi tukakaa pembeni ya skrini tukitazama nyuso zao. Kwenye sekunde ya 12 wawili walisogea mbele kwenye viti. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Dada, geuka." Mhariri alinitazama, na ubishi ukaishia hapo.

Siku ya kuwasilisha, projekta ya ukumbini ilionyesha picha nyeusi kuliko kompyuta yetu. Tulilitarajia hilo, kwa hiyo tulikuwa na nakala mbili, moja imeinuliwa mwanga kidogo kwenye sehemu za giza, na mapema asubuhi tulikuwa tumeingia kuzijaribu zote mbili mle mle ukumbini. Tuliipeleka ile yenye mwanga zaidi. Mwalimu alipomaliza kuitazama aliuliza kama kuna sehemu ya pili iliyokwisha andikwa, na tukamkabidhi kurasa nne za mwendelezo ambazo mwigizaji wetu alikuwa ameziandika wakati sisi tunahangaika na beseni.