Kidole Kilichomkimbiza Paa

Assalamu alaykum, ndugu zangu katika imani.

Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 14, amekuja kwetu kwa likizo akitokea mjini, na kwa kuwa tangu utotoni amesikia kwamba babu yake alikuwa msasi, aliniomba nimpeleke kusaka paa. Nilimweleza kwamba wasasi wa zamani wa kusini Unguja waliingia maweni na mbwa na nyavu, na kwamba paa nunga, ambaye ndiye aliyekuwa akimtaka hasa, leo analindwa na sheria, kwa sababu duniani hapatikani ila hapa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya bara, kama ule wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya. Tukakubaliana kwamba tutakwenda kumvizia kama anavyoviziwa windo, isipokuwa mikononi hatutakuwa na kitu. Nilidhani atavunjika moyo, lakini alichouliza ni kama italazimu kuamka mapema.

Tuliomba ruhusa kwa kamati ya hifadhi ya kijiji, tukasali Alfajiri, na kabla jua halijachomoza tulikuwa tumekwishaketi katika kichaka cha maweni pembezoni mwa msitu wa Jozani. Paa huishi kwa masikio na pua, kwa hiyo tuliukabili upepo ili usimpelekee harufu yetu, na tukachagua mahali panapotazama mkuyu ambao kima walikuwa wakila juu yake, kwani paa nunga ana desturi ya kupita chini ya kima akiokota matunda, maua na majani wanayoyaangusha. Baada ya hapo haikubaki kazi nyingine ila kutulia, na kutulia huko huanza kuwa kazi ya mwili kabla ya kuwa kazi ya moyo: goti linataka kunyooshwa, mbu analia sikioni, na koo, ambalo nyumbani halina habari, linakumbuka kukohoa. Wale wanaosema kwamba vijana wa leo hawawezi kutulia ningependa niwaone wenyewe wakikaa juu ya jiwe la matumbawe kwa saa moja na nusu.

Mwanzoni kijana alijigeuza geuza, na kila alipojikuna nilimkazia macho. Sasa ninakiri kwamba nilikuwa nikimlinda yeye kuliko nilivyokuwa nikiutazama msitu. Alipotulia nikaridhika, nikatoa tasbihi yangu na kuanza kuvuta uradi taratibu. Nilipoinua macho, paa alikuwa amesimama chini ya mkuyu, mwekundu, na kishungi chake kichwani, na madoa meupe miguuni, na ule mkanda mweupe wa nyuma unaomtambulisha hata kwa mtu asiyewahi kumwona. Furaha ilinizidi, nikanyanyua kidole ili nimwoneshe kijana. Paa aliruka mara moja tu, na kichaka kikajifunga nyuma yake.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kama aliwahi kumwona japo kidogo.

"Nilimwona tangu ulipoanza kuvuta uradi, mjomba. Alikaa muda mrefu nyuma ya mizizi."

"Na mbona hukunigusa?"

"Si uliniambia nisijitingishe?"

Maneno hayo yamenirudisha katika aya ya 94 ya Suratul Maida, ambamo Mwenyezi Mungu anawaambia waumini kwamba atawajaribu kwa windo linalofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili adhihirike anayemcha kwa ghaibu. Baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba iliteremka katika safari ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, pale waumini walipokuwa katika ihramu, hali ya ibada ya Hija au Umra ambayo ndani yake kuwinda ni haramu, na wanyama wakiwasogelea kambini. Mtihani huu haufanani na ule tuliouzoea wa kukikosa tunachokitaka, kwa sababu hapa kitu kimeletwa karibu kabisa na mkono ndio unaotakiwa kutulia.

Katika safari hiyo hiyo, sahaba Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amridhie, hakuwa katika ihramu. Wenzake walimwona punda mwitu wakanyamaza, ingawa walitamani sana naye amwone, na alipomwona mwenyewe na kupanda farasi akiwa amesahau mjeledi na mkuki, alipowaomba wamkabidhi walikataa. Alishuka, akavichukua mwenyewe, akamwinda yule mnyama. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kuhusu nyama ile, aliuliza kama kuna yeyote kati yao aliyemwamrisha Abu Qatada au kumwashiria mnyama. Waliposema hapana, akawaruhusu waile. Kuashiria kwangu hakuhusiani na hukumu ile, wala sitaki kulazimisha ulinganisho, lakini tangu siku hiyo siwezi kulipita swali hilo la kidole bila kujiangalia.

Na leo ni Ijumaa, siku ambayo wengi wetu tunasoma Suratul Kahf. Humo yumo Nabii Musa, amani imshukie, akisafiri na kijana wake kuelekea zinapokutana bahari mbili. Kijana ndiye aliyesahau samaki, akasema waziwazi kwamba amesahau, na Musa, aliyekuwa amechoka na mwenye njaa, hakumkaripia hata kwa neno moja: alimwambia kwamba hapo ndipo walipokuwa wakipatafuta, wakarudi kwa kufuata nyayo zao. Baadaye, mbele ya yule mja mwema aliyekuwa akimtafuta ili ajifunze kwake, ni Musa mwenyewe aliyeambiwa kwamba hataweza kuvumilia, na kweli akashindwa mara tatu, katika jahazi, katika mtoto na katika ukuta. Kwa miaka mingi nimeisoma sura hii nikimtafuta ndani yake kijana mwenye papara ili nimtolee mfano madrasa, na sikumpata, kwa kuwa hayumo.

Nimemwomba radhi mpwa wangu kwa yale macho ya ukali. Alicheka, akasema hayakumsumbua sana kwa sababu alikuwa akiwatazama kima. Kesho, inshallah, tutarudi mahali pale pale, naye ameweka sharti moja: niiache tasbihi yangu nyumbani, nihesabu kwa vidole, kwani shanga zake zinagongana na yeye alikuwa akizisikia tangu mwanzo.